Pete ya Tumboni na Chakula cha Esperansi

Siku mliponiaga pale kituoni mlinipa kitenge, mkanipa jagi na glasi zake, kisha mkaniomba niwaachie neno. Nikasema ahsanteni, nikaketi. Neema, msaidizi wangu wa kliniki, alidhani nimezidiwa na machozi. Haikuwa hivyo. Neno nililokuwa nalo lilikuwa refu, na wageni walikuwa wameshaanza kutazama masufuria. Sasa nimekaa barazani kwangu hapa Ntalikwa, kuku ndio wakubwa wangu wa kazi, na neno lenyewe nitaliandika. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Nitaeleza kazi nilivyoifanya, na jinsi mwili wangu mwenyewe ulivyonitia aibu ndani ya kazi hiyohiyo.

Nilianzia Urambo, msimu wa masoko ya tumbaku. Nilishuka kwenye treni na sanduku la bati na viatu vyeupe, na vumbi la stesheni likavimaliza viatu kabla sijakiona kituo cha afya. Aliyenipokea alikuwa Mama Kalunde, muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto, mwembamba kama ufito, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kupima mtoto?"

"Tulifundishwa chuoni."

"Basi hujui. Njoo."

Akanipeleka kwenye mzani uliokuwa umening'inizwa kwenye boriti. Kabla ya mtoto yeyote, alitundika mfuko wa mchanga ambao uzito wake aliujua. Kila asubuhi alianza na ule mfuko. "Mzani nao huamka na uongo wake," alisema. Akanifundisha kumvua mtoto nguo zote isipokuwa hirizi, kwa sababu hirizi haina uzito wa kumdanganya mtu, lakini ukiivua umempoteza mama yake. Akanifundisha kubonyeza dole gumba juu ya mguu wa mtoto na kusubiri. Shimo likibaki, usihadaike na mashavu. Yale si mafuta, ni maji. Na akanifundisha kuuliza. Usimuulize mama, "Kwa nini hukumlisha?" Hilo ni swali la polisi. Muulize, "Jana mlipika nini?" Hilo ni la jirani.

La mwisho alilonifundisha ndilo lililokuja kunitesa. Tulikuwa tukienda vijijini kwa baiskeli, baadaye kwa gari la chanjo, na kila tulikofika tulikaribishwa. Siku za mwanzo nilikuwa nikikataa kwa adabu, nasema nimeshiba. Mama Kalunde alinisubiri mpaka tukawa njiani.

"Unawaambia watu wapike nini, halafu wakipika huli. Wewe, mgeni angekuja kwako, asiguse chakula chako, akaanza kukufundisha jiko, ungemsikiliza?"

Nikaanza kula. Nilikula ugali wa mtama, nilikula nsansa, yale majani makavu ya kunde, na mlenda, nilikula michembe ya viazi vikavu wakati wa kiangazi na uyoga wakati wa masika. Kwa miaka mingi sikukosa tena mama wa kunisikiliza.

Ulyankulu nilipelekwa baada ya kozi ya lishe. Wakati huo wengi kule, waliotoka nchi jirani, walikuwa bado wanaitwa wakimbizi, ingawa walikuwa wamelima na kuzaa na kuzika palepale. Hapo ndipo nilipokutana na Esperansi. Alikuwa mmoja wao, mama kijana, mume wake yuko mashamba ya tumbaku, na alikuja kliniki akiwa amembeba bintiye Devota kwa fahari.

"Sista, angalia alivyonenepa!"

Mtoto alikuwa amevimba uso na miguu, nywele zimegeuka rangi ya kutu, na hataki kuangalia mtu. Nikabonyeza mguu, shimo likabaki. Esperansi aliliona lile shimo kama nilivyoliona mimi. Fahari ilimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyotoboka.

Nawaandikia kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifunza kazi. Mtoto wa namna ile ukimlisha kwa pupa unamuua. Ni maziwa kidogo, kwa kikombe, kisha kidogo tena, usiku na mchana, na kumkumbatia asipoe. Esperansi alitaka kurudi nyumbani kupalilia. Sikumkataza. Nilimwambia akae mpaka Devota acheke. Akaniona mwendawazimu. Lakini Mama Kalunde alikuwa ameniambia kwamba mtoto wa utapiamlo akicheka amepona nusu, na asubuhi moja Devota alimwona mwanamke wa kitanda cha jirani akidondosha kijiko, akacheka. Esperansi alilia kwa sauti hadi wodi nzima ikadhani kuna msiba.

Waliporudi nyumbani aliniita, akanipikia ugali wa muhogo, maharage na mchicha. Tangu hapo tukawa ndugu. Kadiri miaka ilivyokwenda alifungua banda la chakula karibu na soko, wakulima na madereva wa malori wakawa wanamjua kwa jina. Mimi sista wa lishe, yeye mama lishe. Tulitaniana nani analisha watu wengi zaidi. Alikuwa yeye, na hakukuwa na haja ya kuhesabu.

Mimi nilinenepa. Sina maneno mazuri ya kulisema hilo. Nilizaa, nikahamishiwa Tabora mjini, nikapewa gari badala ya baiskeli, na nikaendelea kula kila nilikokaribishwa. Njia hii yetu ya Tabora kwenda magharibi ndiyo waliyopita wapagazi wa Kinyamwezi na misafara, wakasifika kwa kubeba mizigo mizito. Mimi nami nilibeba wangu, tofauti ni kwamba wao walifika mahali wakautua.

Vijijini walinisifu katika salamu za asubuhi. "Mwangaluka, Sista! Umenawiri!" Mjini ilikuwa habari nyingine. Kwenye semina moja mkufunzi kijana alikuwa akieleza habari za unene na magonjwa yake, akanionyesha kwa kalamu yake na kusema, "Mfano hai tunao hapa." Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana hiyo ndiyo namna yetu ya kujificha. Kisha huko kliniki, baba mmoja aliyekuja na mtoto aliyedhoofu akanitazama juu mpaka chini na kusema, "Kumbe uji wa watoto wetu unaishia huku." Siku ile sikucheka. Nilimpima mtoto wake, nikampa mama maelekezo, halafu nikaingia stoo nikakaa juu ya gunia la unga mpaka mtu aliponiita.

Kuanzia hapo nilijaribu kila kitu. Nilikunywa maji ya ndimu, nikachemsha majani niliyoambiwa na huyu na yule, nikatembea alfajiri kabla watu hawajaamka. Nilipungua kidogo, nikarudi palepale, na aibu ikaongezeka.

Bi Shamsa alikuwa rafiki yangu wa tangu ujana. Ukoo wake ni wa wale Waarabu wa Oman waliofuata biashara hadi Tabora wakakaa; wao waliuza vitambaa, na mama yake mzazi nilimuuguza kidonda cha mguu kwa muda mrefu. Yule bibi alipopelekwa India kutibiwa moyo, Bi Shamsa aliniomba niende nao kama muuguzi wake. Hospitali ile ilikuwa na daktari wa kupunguza unene. Bi Shamsa alijua ninavyoteseka. Tukiwa kwenye korido akanishika mkono.

"Dada, ukitaka, familia itakulipia upasuaji. Umemuuguza mama bila kuchoka. Hakuna atakayejua."

Ni hayo maneno ya mwisho yaliyonishinda. Nilimpigia simu mume wangu, Baba Saidi. Akasema kama nimeamua basi Mungu anitangulie. Nikafungwa pete.

Nieleze kidogo, kwa sababu mnaweza kukutana na mgonjwa wa namna yangu. Ni pete ya mpira laini inayofungwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, ikabakiza kijumba kidogo kama kikombe cha kahawa. Ukila matonge machache unajiona umeshiba. Kuna mrija mwembamba unaotoka kwenye pete hadi kwenye kitufe kilichozikwa chini ya ngozi ya tumbo. Daktari anachoma sindano pale, akiongeza maji pete inakaza, akiyatoa inalegea. Tabora hakukuwa na mtu wa kuichoma, kwa hiyo nilikuwa nikisafiri hadi Dar es Salaam, nikiaga kwamba nakwenda kumwona dada yangu. Dada yangu hakuwahi kutembelewa vile maishani mwake.

Nyumbani tulisema nimetolewa mawe ya nyongo. Wengine pete hiyo huiita mkanda, na ningesema nimefungwa mkanda watu wangedhani mkanda wa jeshi, ule wa vipele vya ubavuni, na wangeniletea dawa za kupaka. Baba Saidi alijua, Bi Shamsa na mama yake walijua, basi.

Nilipungua. Mkufunzi wa ile semina alinipongeza mbele za watu, akasema nimeonyesha mfano. Hakujua mfano wa nini. Mitaani walianza kunong'ona, kwa sababu kwetu mwanamke akikonda haraka watu humpa ugonjwa bila kipimo. Mwenzetu mmoja wa kitengo cha dawa alinivuta pembeni akaniambia kwa huruma, "Mama Saidi, siku hizi dawa zipo, usijifiche." Nikamshukuru.

Na kula kukawa kazi. Ugali ulikataa kabisa kupita, wali ulinasa, nyama nilikuwa nikiitafuna mpaka inakosa ladha. Kitu kikinasa, kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, unatafuta choo. Nilijifunza kusema nimekula kwa jirani yenu. Nilijifunza kuficha tonge kwenye leso. Ramadhani ulikuwa mwezi wangu wa raha, hakuna anayekuuliza kwa nini huli, mpaka jua linapozama. Vijijini akina mama walikuwa wakinitazama nikigusagusa chakula chao, na nilikuwa nikiona wanavyoacha kunisikiliza, mmoja baada ya mwingine. Mama Kalunde alikuwa ameshafariki. Nilishukuru kwa hilo, kisha nikaona aibu kwa kushukuru.

Miaka ikapita hivyo. Kisha nikaanza kukohoa usiku, kiungulia kikawa hakiondoki, na hata uji ukawa unarudi. Sikwenda kwa daktari. Nilijiambia ni uzee.

Ndipo Devota, yule mtoto wa Esperansi, alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Esperansi alifanya sherehe nyumbani kwake baada ya ubatizo kanisani na akanitumia ujumbe kwa Neema kwamba mwaka huu sina pa kukimbilia. Tulikwenda, mimi na Neema, na dereva wetu. Ua ulikuwa umejaa watu, majirani, wateja wake wa bandani, wazee wa kanisa. Nikawekewa kiti mbele. Esperansi alisimama akamwonyesha kila mtu mkono wangu.

"Mkono huu ndio uliomshika Devota. Asingekuwa huyu, mjukuu wangu asingekuwepo. Leo atakula mbele yangu, na nitamtazama."

Watu wakapiga makofi. Akaniletea maji ya kunawa yeye mwenyewe, akapiga goti. Kisha ugali wa muhogo, kuku wa kienyeji, mchuzi umekolea. Macho yote yalikuwa kwangu. Nikamega tonge dogo, nikatafuna, nikameza. Esperansi akatabasamu. Nikamega la pili. Sikuwa na njia nyingine, au niseme nilikuwa nayo, ya kusema kweli, na niliona bora tonge.

Lilinasa. Kifua kilibana kama mtu amenikalia. Nikasimama nielekee nyuma ya nyumba, sikufika. Nilitapika pale uani, juu ya mkeka, miguuni pa Devota na mwanawe. Kilitoka chakula, kikafuata povu, kisha damu kidogo. Neema alinishika mabega. Nilisikia mtu akiuliza, "Amekula nini?" Niliona vichwa vikigeuka kuangalia sufuria. Esperansi alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi mkononi, hajui aliweke wapi.

Hospitali ya Tabora waliniuliza kama nimelishwa kitu kibaya. Nikasema hapana, ni nyongo. Uongo wa zamani hutoka wenyewe. Kutapika hakukukoma, hata maji yalirudi. Baba Saidi akanipandisha gari hadi Dar es Salaam kwa daktari aliyekuwa akiichoma pete, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alininywesha dawa nyeupe kama chokaa nikiwa nimesimama mbele ya mashine ya eksirei, akanionyesha picha. Pete ilikuwa imeteleza, na kile kijumba cha juu kilikuwa kimevimba na kuegemea upande. Akachukua sindano, akatoa maji yote ya pete. Nikapewa glasi ya maji ya kunywa. Nikayanywa yote, yakashuka bila kusimama njiani. Nililia pale kitini kama mtoto.

"Pete ikilegea hivi utapata nafuu, lakini imeshahama mahali pake," alisema. "Naweza kujaribu kuirudisha, na inaweza kuteleza tena. Au niitoe kabisa. Ushauri wangu ni kuitoa."

"Na unene?"

"Utarudi, kiasi. Sitakudanganya."

Nikaanza kujifunga kitenge. Akaniuliza, "Unaogopa kisu?"

"Kisu sikiogopi, daktari. Naogopa watakaoniona nikirudi nilivyokuwa. Watauliza."

"Sasa hivi hawaulizi?"

Nilimwomba muda nikafikiri. Alinipa, akanionya nisiufanye mrefu. Kwa dada yangu, Baba Saidi alikaa na mimi ukumbini. Alikuwa gadi wa treni maisha yake yote na maneno yake hutoka huko. Akasema, "Breki ikinata gurudumu likaanza kutoa moshi, hatuiachi kwa kuwa eti ilifungwa na fundi mzuri." Nikamjibu kwamba mimi si behewa. Akasema anajua, behewa husikia.

Nilirudi Tabora bila jibu. Ukweli ni kwamba nilitaka kubaki nayo. Ikiwa tupu hivyo, ingekaa tu tumboni, nisingehitaji kumweleza mtu, na hadithi ya nyongo ingeendelea.

Siku ya pili Neema akaja kunijulia hali. Alikaa ukingoni mwa kiti, akakunja na kukunjua leso yake.

"Mama, shikamoo. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Naendelea. Sema kilichokuleta, Neema, usikisokote."

"Ni Mama Devota. Kule wanasema alikulisha sumu. Wengine wanasema ni uchawi, kwamba alikuonea wivu, kwamba watu wa kwao ndivyo walivyo. Bandani kwake haendi mtu. Madereva wanapita wanakula kwingine. Na mume wa Devota amemkataza Devota kuleta mtoto kwa bibi yake."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia una nyongo. Wakaniuliza, nyongo gani inatapisha damu, si ilishatolewa?"

Hata hakunilaumu. Aliinamisha kichwa tu. Niliona joto likinipanda kutoka kifuani hadi masikioni. Katika miaka yote ya kazi nilikuwa nimeona akina mama wakilaumiwa kwa watoto wao kuumwa, nikawatetea. Huyu mmoja analaumiwa kwa ajili yangu, na dawa yake iko chini ya gauni langu.

Siku ya kliniki nilikwenda Ulyankulu. Nilikuwa bado na likizo ya ugonjwa, sikutakiwa kazini. Akina mama walikuwa wamejaa kwenye baraza ya saruji na watoto wao, na waliponiona sauti zilishuka. Esperansi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ngazi, hana mtoto mkononi. Devota alikuwa upande wa pili. Nikamwomba Neema asimamishe upimaji kidogo.

Mlionisikia siku ile mnajua kwamba sikusema vizuri. Nilikuwa nimepanga maneno garini yakapotea. Nilisema, "Chakula cha Mama Devota hakikuwa na kitu. Kibaya kilikuwa tumboni mwangu. Nimefungwa pete kwenye mfuko wa chakula, ili nisile, nipungue. Nilifungwa India. Niliwaambia watu ni nyongo. Si nyongo."

Bibi mmoja wa mbele, mwenye mjukuu magotini, akauliza, "Pete? Nani alikufunga, mwanangu? Mnamjua?"

Alimaanisha mchawi.

"Nilijifungisha mwenyewe, bibi. Kwa madaktari."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Wachache walicheka, wengi hawakuamini. Nikaona maneno hayatoshi. Nikamwita yule bibi, nikachukua mkono wake nikauweka tumboni mwangu juu ya kitenge, mahali kilipo kile kitufe. Akakipapasa, akautoa mkono haraka kama ameshika kaa la moto. "Kipo," akawaambia. "Kigumu." Wakaja wengine wawili watatu, wakagusa. Nilisimama nikaguswa, mimi niliyezoea kugusa watoto wao. Kisha mama mmoja kijana aliyekuwa akinyonyesha, ambaye mwanawe alikuwa kwenye maziwa ya tiba wiki ile, akasema bila ukali wowote, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Sisi tunahangaika mtoto apate cha kula, Sista. Wewe ulikwenda India ili usile?"

Nimesomewa makosa na wakubwa wa wilaya, nimeonyeshwa kwa kalamu ukumbini. Hakuna lililonichoma kama swali lile. Nikamjibu, "Ndiyo."

Nilipotazama nyuma, Esperansi alikuwa ameshuka ngazi. Nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye jua, mikono kifuani.

"Mama Devota, nisamehe."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" akasema. "Wao ni watu tu. Mimi je? Miaka yote nakupikia, unagusa, unaacha. Nilikuwa nikisema labda chumvi. Nikabadilisha mafuta. Nikajiuliza labda ananidharau sasa, amekuwa mtu wa mjini. Ningekuchemshia uji, dada. Ningekupa mchuzi mtupu. Nilikuwa nataka tu ule kwangu."

"Niliona aibu."

"Ya nini? Mimi nilikuletea mtoto wangu amevimba nikakuambia amenenepa. Ulinicheka?"

Sikumcheka, na yeye alijua. Devota alikuja akampa mama yake mtoto. Esperansi akampokea, akaondoka naye bila kuniaga. Nami nikarudi barazani, nikamwambia Neema aendelee kupima.

Siku ileile, garini, nilimpigia daktari. Nilimwambia aitoe. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema watu wameshajua, sasa sina cha kulinda. Labda hiyo si sababu ya kishujaa ya kuamua upasuaji, lakini ndiyo yangu. Sikuamua kwa sababu nimeupenda mwili wangu ghafla. Niliamua kwa sababu siri ilikuwa ndiyo kitu pekee ambacho ile pete ilikuwa bado inanipa, na siri ilikuwa imekwisha.

Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alinionyesha pete kwenye sahani, kitu chepesi, kimegeuka rangi ya manjano, akaniuliza kama nataka kuichukua. Nikasema hapana. Bi Shamsa niliogopa kumwambia, kwa kuwa ilikuwa zawadi yao. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Afadhali. Mama ananiuliza kila Idi kwa nini pilau yake huipendi." Basi na huko nako nilikuwa nimemuumiza mtu bila kujua.

Unene ulirudi, si wote, ila wa kutosha kujulikana. Nilimaliza miaka yangu ya mwisho kazini nikiwa mnene tena mbele ya watu walioniona mwembamba, na kila mtu alijua kwa nini. Sitawadanganya kwamba nilizoea. Nikisikia kicheko nyuma yangu hadi leo nashika gauni langu. Ila akina mama walirudi kuniuliza mambo ambayo hawakuwahi kuyauliza, pamoja na yale ya miili yao wenyewe, na mara nyingi walianza kwa kusema, "Wewe Sista utanielewa." Kwa hiyo nawaachieni hili: mwili wa mtu msiufanye mfano darasani, hata kwa sifa. Na mgonjwa akikwambia alitolewa nyongo lakini unamwona anaogopa tonge, funga mlango kwanza, kisha muulize upya.

Banda la Esperansi lilichukua muda kupata watu. Madereva walirudi kwanza, njaa haina uvumi. Majirani walichelewa. Wapo ambao mpaka leo hawajala kwake, na hao nimewaharibu mimi, maneno yangu ya barazani hayakuwafikia au hawakuyataka.

Nilipostaafu nilikwenda kwake, peke yangu, kwa basi. Nilimkuta bandani anapembua maharage. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za Baba Saidi, akanieleza kwamba Devota ana mimba nyingine. Jungu la ugali lilikuwa jikoni, nalisikia linavyotokota. Nikamwambia nina njaa, nitakula chochote alichopika.

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kikombe cha uji mwembamba, umechujwa, ameutia sukari. Akaniwekea mbele.

"Mama Devota, pete walishaitoa. Ugali unapita sasa."

"Najua," akasema. "Nilisikia. Lakini nikikusongea wewe, mkono unakataa. Siku ile naiona tena. Kunywa uji."

Hakusema kwa hasira. Alikaa akaendelea na maharage yake, na wateja wawili wakaingia wakaagiza ugali na kuku, akawapakulia. Mimi nikanywa uji pale kwenye benchi, wao wakinitazama. Nilipomaliza nikamnyooshea kikombe, nikamwomba mwingine. Akanimiminia, hakuniangalia, lakini alikijaza mpaka juu.